Mwalimu Analipwa Unga

Kanuni ya kwanza ya soko la Umoja ni hii: usimwambie anayekuuzia nyanya unalipwa ngapi. Akijua umeajiriwa, nyanya tatu za ishirini zinageuka mbili. Akijua umeajiriwa na serikali, zinageuka mbili na mojawapo imelala. Ndiyo maana mama mboga wangu, ambaye kibanda chake kiko hatua mia moja na arobaini kutoka lango la shule (nilizihesabu mara mbili, mara ya pili nikiwa na viazi, zikawa mia na sitini), alijua tu kwamba mimi "nasaidia-saidia pale shuleni." Nikisema hivyo nilishusha mabega kidogo. Mabega yakishuka, bei nayo hufuata.

Tabia hii ni ya urithi. Baba yangu alikuwa mchonga vinyago, na mimi nilikulia chini ya meza yake nikisikiliza watu wakipunguziana bei. Twiga akivunjika shingo, baba hakulia. Alimpiga msasa akamuuza kama swala. Na jioni alihesabu pesa mara mbili, kwa sababu, alisema, mara ya kwanza unahesabu unachotamani.

Kazi niliyokuwa nasaidia-saidia ni ya kufundisha. Nilikuwa mwalimu wa mkataba wa sekondari msingi, katika kitengo cha elimu maalum: wanafunzi viziwi wanane, wa gredi ya saba mpaka ya tisa, wote katika darasa moja la mbao lililoinuliwa juu ya mawe ili maji ya mvua yapite chini kwa heshima. Sakafu ya mbao ni zawadi kwa darasa la viziwi. Nikitaka wanitazame, nilipiga mguu chini mara moja, mtetemo ukawapanda miguuni, nyuso nane zikageuka. Kila mwalimu hupewa jina la ishara na wanafunzi wake, na langu lilikuwa vidole viwili vinavyogonga kiganja, kisha vinagonga tena. Anayehesabu mara mbili. Sikuwaambia chochote kuhusu baba, walinisoma tu.

Mwingine pale shuleni aliyejua ishara alikuwa askari wa lango, naye alijua "njoo," "toka" na "chapati."

Sasa, Jumatatu moja, mwenye akademia fulani kule mtaa wa Tena, mtu ambaye mtaa mzima unamwita Dairekta, alinialika chai kwenye hoteli iliyo karibu na steji.

"Madam," akasema akinisogezea mandazi, "watu kama nyinyi tunawatafuta na tochi."

"Na mshahara mnautafuta na nini, Dairekta?"

Akacheka. Alikuwa amesikia nafundisha hesabu vizuri, na alitaka niende kwake kufundisha darasa la kawaida, la watoto wanaosikia. Akataja bei. "Ishirini na mbili."

Elfu, bila shaka. Nikaiangalia hiyo ishirini na mbili kama parachichi lililobonyezwa na watu wengi. "Hiyo ni ya kufundisha, ama ya kufungua lango?"

"Haya. Tano. Ishirini na tano, Madam, na chai ya saa nne."

Nikachukua mkoba, nikasema asante kwa chai, nikaondoka. Kuondoka ndiyo silaha kubwa ya mnunuzi. Unageuka, unatembea kama mtu mwenye shughuli kwingine, na kwa hatua ya tatu moyo wa muuzaji unakatika. Moja. Mbili.

"Madam! Madam, rudi, chai haijaisha!"

Nilirudi kwa ishirini na nane. Jibu alilitaka Ijumaa saa sita, kwa sababu alikuwa na mtu mwingine wa kumwajiri, au alisema anaye, jambo ambalo katika biashara ni lile lile.

"Na wale watoto wangu?" nikamuuliza.

"Hao si wataletewa mwalimu mwingine?"

Nikaangalia mandazi. Nilikuwa nimengoja miaka minne mwenyewe kabla ya kupata hata huo mkataba, kwa hiyo najua jinsi serikali inavyoleta. Lakini ishirini na nane! Nilitoka pale nikitembea kama nina viatu vipya. Pale Tena nilikuwa nimeona nyumba ya chumba kimoja na sebule, yenye bomba lake ndani. Mimi nilikuwa naishi Umoja, ghorofa ya nne juu ya ghorofa tatu ambazo hazikupangwa kuwepo, na maji nilibeba kwa mtungi. Usiku huo nililala nikisikia bomba.

Jumanne nikafanya kosa. Nilitoa karatasi yangu ya malipo darasani niilinganishe na ndoto, na kiranja wa darasa akaniona. Kiranja wangu alikuwa msichana mrefu wa gredi ya nane, mwenye uso usiotoa habari, aina ya uso ambao baba angelipia. Akapiga sakafu mara mbili.

"Hiyo ni nini?" akauliza kwa mikono.

Tulikuwa kwenye asilimia. Nikaona, basi, asilimia si hizi hapa? Nikafunika jina langu na kuiandika ubaoni. Juu kabisa, elfu ishirini. Halafu makato: akiba ya uzeeni, bima ya afya, na tozo ya nyumba, nyumba ambayo kwa hesabu yangu kufikia sasa nimeshalipia bawaba mbili na sehemu ya kitasa. Chini kabisa, kumi na saba na chenji. Wakapiga hesabu ya kila kato kwa furaha kubwa. Hakuna kinachomfurahisha mtoto wa miaka kumi na nne kama kuona mwalimu akikatwa.

Kisha kiranja akauliza kwa nini sikuandika "mshahara." Nikaeleza kwamba mtu wa mkataba hapati mshahara, anapata posho, ndivyo wanavyosema hata kwenye taarifa ya habari. Nikaandika POSHO kwa herufi kubwa.

Uso wake ukang'aa kidogo. Neno hilo alilijua. Bibi yake anakaa Majengo, na kila Jumamosi humwandikia karatasi ya vitu vya dukani: mafuta, chumvi, posho kilo mbili. Kwa bibi huyo posho ni unga wa ugali, kama ilivyokuwa zamani, vibarua walipopimiwa chakula. Kiranja akawageukia wenzake, akashika mwiko usioonekana kwa mikono miwili, akasonga sufuria isiyoonekana. Wote wakatikisa kichwa kuelewa. Ikawa ndiyo ishara ya darasa: posho ni kusonga ugali.

Mwalimu mzuri angesahihisha. Mimi nilikuwa nagawanya kwa mia.

Jumatano tulikuwa na somo la upishi, na somo la upishi linaanzia sokoni. Tulikuwa na shilingi mia mbili. Niliwafundisha bei inavyoteremshwa, maana hili halimo katika mtaala na ndilo watakalotumia kila siku ya maisha yao. Uliza bei. Cheka. Taja nusu. Shika bidhaa kama imekukosea. Na ikishindikana, ondoka, usiangalie nyuma, mpaka uitwe.

Kiranja akatangulia. Mimi nikasimama kando na wale saba, karibu na muuza makaa.

"Kabichi ni themanini, mrembo," mama mboga akasema, akionyesha vidole vinane.

Kiranja akacheka bila sauti, kwa mabega. Akaonyesha vidole vinne.

"Ai! Arobaini naipata wapi mimi?"

Kiranja akainua kabichi, akaizungusha, akairudisha chini kama mtoto wa jirani aliyejikojolea. Kisha akageuka, akaondoka. Nikaanza kuhesabu hatua zake kwa fahari. Moja, mbili, tatu.

"Haya, sabini!" mama mboga akaita.

Nne, tano, sita.

"Sitini! We mrembo! Sitini na kitunguu juu!"

Kiranja anaenda. Mgongo umenyooka kama wa spika wa bunge.

"Hamsini! Chukua na hiyo hamsini!"

Sasa watu wa bodaboda wakaingilia. "Siz! Siz, unaitwa! Siz, umeshinda!" Mmoja akapiga honi. Kiranja akapita muuza mitumba, akapita kinyozi, akakata kona, akapotea. Hakuna mnunuzi aliyewahi kuondoka vile tangu soko lile liwepo. Mimi nyuma yake nakimbia na ndara, na wale saba nyuma yangu, na nyuma yetu sauti ya mama mboga ikiongeza kitunguu juu ya hamsini.

Tulimkuta langoni mwa shule, ameketi juu ya jiwe, ametulia.

"Alisema hamsini na kitunguu," nikamwambia, nikihema.

"Sasa kabichi iko wapi?"

"Iko kwake!"

"Si ulisema niondoke, nisiangalie nyuma?"

"Nilisema uondoke mpaka uitwe."

Akainuka kwenye jiwe. Kisha mikono yake ikasema polepole, kama mtu anayemfundisha mgeni: "Niitwe na nini?"

Nina cheti cha kazi hii. Kimepigwa laminesheni. Nilisoma miaka miwili kukipata, na hakuna ukurasa hata mmoja nilioufungua uliosema kwamba kiziwi akigeuza mgongo sokoni, bei inateremka nyuma yake bila yeye. Nilianza kucheka nikakaa chini. Wakacheka wao. Mmoja alicheka akiegemea lango mpaka likafunguka. Askari akatoka kibandani kuangalia nani amekufa, akatuonyesha ishara pekee iliyomjia: "Chapati?" Hapo tukaisha kabisa.

Nilipopita jioni, mama mboga alikuwa bado anatafakari, na kuniona na watoto kulikuwa kumenipandisha cheo. "Mwalimu, huyo msichana wako ana roho ngumu. Hamsini na kitunguu, anakataa? Hata mimi sijawahi kuondoka hivyo, na nimeacha wanaume wawili."

Alhamisi asubuhi kiranja aliingia darasani na jibu. Hakueleza. Alichukua daftari langu likawa kabichi, akauliza bei, akacheka, akalitupa mezani, na akaondoka kinyumenyume. Hatua ndogo ndogo, mgongo mbele, macho kwangu, uso mkavu kabisa.

Siku ile tulinunua soko. Wanane walitembea rivasi kutoka kila kibanda, na muuzaji gani atashikilia bei huku anacheka? Unaita kwa mkono tu na wao wanakuona. Watu wa bodaboda wakawa wanapiga mluzi ule wa lori likirudi nyuma. Kabichi tulipata hamsini na kitunguu juu. Karoti tulizihurumia tukalipa bei nzima.

Wakati nabishania pilipili hoho, mama mboga aliegemea mbele kumuuliza kiranja jambo. Niliona kwa jicho moja tu. Alininyooshea kidole, akasugua kidole gumba na cha shahada, akainua nyusi: huyu wenu analipwa ngapi? Nikatupa hoho, lakini nilichelewa. Kiranja alikuwa ameshaninyooshea kidole naye, akashika mwiko wake usioonekana, na akasonga. Kisha akaonyesha kiasi, kwa vidole viwili vilivyokaribiana sana.

Hakuna mtu katika mitaa hii ya Eastlands asiyeijua ile mikono. Mama mboga aliduwaa. Akasonga na yeye, kuuliza kama ameelewa. Kiranja akatikisa kichwa: ndiyo, hiyo.

Jioni nilifika na ishirini yangu kama kawaida, mabega chini. Mama mboga akanifungia nyanya nne.

"Umekosea," nikasema, na ninajuta kwa sababu hilo halikuwa neno la mtoto wa mchonga vinyago.

"Sijakosea. Mwalimu, kwa nini hukuniambia?"

"Kukuambia nini?"

"Kwamba wanawalipa unga." Aliteremsha sauti, akaangalia huku na huku. "Na ni kidogo, nimesikia. Miaka hii yote nakuuzia nyanya bei ya kila mtu. Mungu anisamehe."

Nilifungua mdomo kusahihisha. Mwenzake wa kibanda cha pili, anayeuza ndizi, akaingilia: "Na wanawapimia kwa mkebe wa gorogoro ama kwa kilo?"

"Halafu ni unga wa gredi wani," mama mboga akauliza, "ama ile ya kusaga posho mill? Kwa sababu ikibaki, mwalimu, mimi naweza kukuuzia hapa. Tunagawana."

Nikaangalia zile nyanya nne. Nikafunga mdomo, nikakohoa, nikasema inategemea mwezi. Ndizi mbili zikaongezwa kwenye mfuko. Nilipanda ghorofa zangu nne nikicheka peke yangu na mtungi wa maji, mpaka jirani akafungua mlango kuona niko na nani.

Kisha nikaingia ndani, na kesho ilikuwa Ijumaa.

Asubuhi nilipiga mguu mara moja. Nyuso nane. Nikawaambia yote: nyanya nne za unga, ndizi mbili, Tena, Dairekta, saa sita. Sikupamba. Nikarudia na ule utani wa kufungua lango, nikitumaini watacheka, na wawili wakajaribu.

Kiranja akaja ubaoni, akachukua chaki.

"Anakupa ngapi?"

Ishirini na nane. Akaandika.

"Imekatwa?"

Mimi, vidole viwili mara mbili, nilikuwa nimebeba ile ishirini na nane siku nne nzima ikiwa mbichi, haijakatwa. Akasoma uso wangu, akageuka, akapiga asilimia zile zile za Jumanne, moja baada ya nyingine. Ishirini na nne na kitu.

"Nyumba ya Tena ni ngapi?"

"Kumi na nne."

"Ya sasa?"

"Nane."

Akatoa huku, akatoa kule. Upande wa Tena zikabaki kumi na chenji. Upande wetu, tisa na chenji. Akachora mstari chini, akaandika tofauti: elfu moja. Akafikiria kidogo, akaongeza, *na bomba*.

Kisha akaanza kuiteremsha ile elfu moja. Nyanya nne badala ya tatu, mara siku thelathini. Kabichi ya hamsini. Kitunguu juu. "Na ukienda Tena," mikono yake ikasema, "mama mboga wa Tena hajui kwamba unalipwa unga."

Elfu moja ikateremka mpaka mia saba. Mia sita na hamsini, tukiweka ndizi. Hapo ikagoma. Aliiangalia ile namba, akawaangalia wenzake saba. Mmoja aligeuza mfuko wa kaptula, ukatoka ufunguo na kifutio. Hakuna mtu mle ndani aliyekuwa na mia sita na hamsini, na hakuna aliyekuwa na bomba.

Kiranja akaweka chaki chini kwa upole. Na akaondoka. Kinyumenyume. Hatua ndogo, macho kwangu, uso ule mkavu. Wa pili akasimama akamfuata, rivasi. Wa tatu. Wote wanane wakapita mlangoni migongo ikitangulia, wakashuka zile ngazi tatu za mbao bila kuziona, na naibu wa mwalimu mkuu, aliyekuwa anapanda na chupa ya chai, akarudishwa nyuma mpaka uani akipiga kelele, "Nini? Nini sasa? Madam!"

Nilipiga mguu. Nilisahau kwamba wako nje, juu ya mchanga, na mchanga haubebi mtetemo. Wangekuwa wamegeuza migongo wangeenda tu, kama siku ya kabichi, na mimi ningebaki na sakafu yangu. Lakini walikuwa wananitazama. Wote wanane. Hatua ya tatu, ya nne. Kila mtoto wa soko anajua kwamba anayeita ndiye aliyeshindwa.

Nikainua mkono. Rudini.

Kiranja hakukimbia. Alinionyesha kwanza vidole: bei ile ile? Nikasema bei ile ile. Ndipo yakaanza makelele, na watu wanaodhani viziwi hawana makelele hawajawahi kusimama karibu na wanane waliofurahi. Naibu alimwagikiwa na chai suruali nzima, akakumbatiwa na watu wawili ambao hajui majina yao ya ishara.

Saa sita nilikuwa Tena. Dairekta alikuwa ameweka karatasi mezani, na kalamu juu yake.

"Siuzi wiki," nikamwambia. "Nina Jumamosi peke yake. Asubuhi."

"Madam, mimi nilitaka gunia."

"Mimi napima kwa gorogoro."

Akataja mia nane kwa kila Jumamosi. Nikachukua mkoba. Aliniita kwenye hatua ya pili, kabla hata mguu haujatua: elfu moja, na chai. Mara nne kwa mwezi. Nilizipiga hesabu barabarani, nikazipiga tena: kabla ya makato. Bomba bado ni la Tena, na mtungi bado ni wangu.

Jioni nilipita kibandani. Mama mboga alikuwa anafunga, lakini aliponiona alifungua tena gunia lililofunika nyanya.

"Mwalimu, mwezi huu wamewapimia?"

Nikashusha mabega. "Wamechelewesha."

"Watu wabaya hao," akasema, akatia nyanya kwenye mfuko bila kuniangalia.

Nilizihesabu chini ya taa ya kinyozi. Tano. Nikazihesabu tena.